Siku Mama Aliporuka Hadi Montreal Bila Kutoka Makorora

Makorora,
Tanga.
14 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Asmahani,

Assalaam alaykum. Salaam zangu zivuke maji yote hayo zikukute mzima, wewe na shemeji Rahimu na mpwa wangu Yasini. Vipi kikohozi cha mtoto, kimemwachia? Na meno je, yameota mangapi? Mama ananiuliza kila asubuhi, kana kwamba mimi ndiye ninayeshinda nikimchungulia kinywani.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Masika yameondoka kwa shingo upande na kutuachia madimbwi barabarani. Wifi yako Zuleha aling'oa jino lililokuwa likimsumbua, sasa anakula miwa kwa kulipiza kisasi. Kazi yangu ya kukodisha viti na maturubai inakwenda. Mwezi huu harusi zimefuatana mpaka viti vingine havijui kwao ni wapi.

Mama mzima. Habari hii naiweka peke yake ili uione vizuri. Najua ulimsikia kwa sauti yake siku ile, lakini mtu aliyeletewa rambirambi za mama yake akiwa kazini haamini kwa simu moja. Mzima kabisa. Jana kagombana na muuza samaki hadi muuza samaki kaomba maji ya kunywa.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu Mama kapiga marufuku habari hii isipite tena kwenye simu. Anasema simu ndiyo iliyomuua. Basi kaa chini, mpe Yasini kitu cha kutafuna, nikueleze ilivyokuwa.

Uliponiletea ile habari kwamba viza imetoka, nilimsomea Mama kila kitu polepole, tumekaa barazani. Nikamwambia kutoka Dar mpaka Montreal, kama ndege ingenyoosha njia moja kwa moja, ni kilomita elfu kumi na mbili na ushee. Hakushtuka. Mama hana ugomvi na kilomita. Nikamwambia Dar mpaka Doha ni kama saa sita, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za Korogwe. Nilipofika Doha mpaka Montreal, saa kumi na tatu na nusu bila kutua, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema yeye hata maulidi hakai zaidi ya saa nne, na pale kuna watu anaowajua.

Halafu nikafanya kosa la kumwonyesha ratiba ya ndege inavyosema. Ndege inaondoka Doha saa mbili asubuhi, inatua kwenu saa nane na nusu mchana, siku ileile. Mama akahesabu kwa vidole, akafika sita na nusu, akaniangalia.

"Sasa hizo nyingine saba wamezipeleka wapi?"

Nikajaribu kumweleza kwamba jua lenu liko nyuma ya letu kwa saa saba. Akataka kujua nani atamwambia adhuhuri imeingia, ikiwa ndege inakimbizana na jua na jua lenyewe halijui liko wapi. Nikamwita jirani yetu Wilfred, yule mzee wa Kishambaa aliyekuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya mkonge, ambaye kwa kuwa aliwahi kupanda ndege kwenda Mwanza kwenye mkutano wa kanisa, mtaa mzima unamheshimu katika mambo ya anga.

Wilfred akaja na chungwa la Muheza. Akachomeka kijiti kimoja, akasema hapa Tanga. Akachomeka kingine upande wa pili, akasema hapo kwa Asmahani. Akalizungusha chungwa mbele ya taa ya simu yangu, taratibu, akieleza namna giza linavyotembea. Alieleza vizuri, sikatai. Ila alipofika katikati ya bahari ya Atlantiki, Mama akanyoosha mkono, akaipokea dunia, akaimenya. Kuhusu adhuhuri, Wilfred akasema swali hilo akamuulize shekhe, yeye ni Mlutheri.

Siku tatu Mama hakulizungumza. Wewe unajua amekataa safari hii mara ngapi. Kwanza ilikuwa presha, kisha magoti, kisha kuku wake aliyelalia mayai. Nikadhani mara hii anamtafutia kuku sababu mpya. Kumbe alikuwa akifikiri. Siku ya nne akaniambia anataka kujaribu. Atakaa kitini saa kumi na tatu na nusu papa hapa nyumbani, amefungwa mkanda kama wanavyofungwa, na akiweza atakwenda. Akishindwa, nisimtajie tena neno ndege mpaka afe.

Mimi nina viti, Asmahani. Mtu mwenye viti hana pa kujificha. Sebuleni hapatoshi, na Mama hakutaka ndege ya kiti kimoja. Alitaka walio mbele na walio nyuma, ajue kubanwa. Basi Jumamosi ile, baada ya sala ya alfajiri, nikapanga safu nne mbele ya nyumba, nikaacha njia katikati, na kwa kuwa jua la huku halimwonei mtu huruma nikafunga turubai juu. Zuleha akabandika sufuria kubwa, maana tulishakubaliana chakula kitoke mara mbili kama cha ndege. Wilfred akaja amevaa suti yake ya kanisani, akakaa mbele kabisa, akasema yeye ndiye rubani. Mama akakaa safu ya pili. Nikamfunga kiunoni kwa kanga, nikaipitisha nyuma ya kiti, nikakaa nyuma yake nimegusisha magoti yangu kwenye kiti chake kama mkorofi. Saa kumi na mbili kamili Wilfred akatangaza kwamba tunaondoka Doha. Mama akafumba macho, akaanza kusoma dua ya safari.

Sasa wewe ni mtoto wa Makorora. Turubai alfajiri, hakuna muziki, hakuna mapambo, sufuria kubwa jikoni, mzee kavaa suti, na Bi Tausi, mama yetu, amekaa kimya amefumba macho midomo inatikisika. Ungepita hapo ungefikiri nini?

Aliyepita ni Mwanamkasi, yule wa genge la mboga, akielekea sokoni. Hakuuliza, kwa adabu. Alituma sauti kwenye kundi la kina mama la simu, akisema kwa Bi Tausi kuna turubai. Hakusema uongo. Aliyemfuatia akasema kwa Bi Tausi kuna msiba. Habari ilipofika ng'ambo ya reli ilikuwa inasema msiba wa Bi Tausi. Na kutoka hapo, mdogo wangu, ikapanda magari yanayokwenda mbali.

Saa mbili wakaanza kuja wanawake wa mtaani, kanga kichwani, nyuso zimeinama. Hao walikuwa wanamwona Mama kwa macho yao, basi wakadhani aliyekufa ni mwingine ndani ya nyumba. Wakakaa vitini kimyakimya. Hakuna aliyethubutu kuuliza ni nani, kila mmoja akiamini mwenzake anajua. Mama naye alipofumbua macho akaona ndege imejaa, akafurahi. Alidhani Zuleha ndiye aliyewaalika abiria. Mimi nilidhani ni Mama aliyewaalika. Zuleha, jikoni, alidhani ni mimi, na akaongeza mchele huku akinisema.

Tukakaa hivyo muda mrefu. Mwanamkasi, naye amesharudi kutoka sokoni, akajisogeza kiti cha pembeni, akamshika Mama mkono, akamuuliza kwa sauti ya chini kuondoka ni saa ngapi, akikusudia jeneza kwenda makaburini.

"Tumeshaondoka zamani," Mama akamjibu. "Sasa hivi tuko juu ya Uturuki."

Mwanamkasi akamtazama. Akautazama ule mkanda wa kanga, akaona kwamba watoto tumemfunga mama yetu kitini, akaelewa kuwa majonzi yamempanda kichwani. Akaangua kilio. Na unajua kilio kinavyoambukiza. Safu ya tatu ikapokea, ya nne ikaitikia, na Bertha, mkewe Wilfred, aliyekuwa analeta maandazi, akayaweka chini na kulia bila kujua analia nini. Mama akageuka huku na huku, rangi imempotea, akauliza nani amekufa. Wakamwambia wanamsubiri yeye awaambie.

Ilichukua muda kuwekana sawa. Wapo walionuna, wapo waliocheka mpaka wakashika mbavu, ila hakuna aliyeondoka. Chakula kilikuwa kinanukia, na isitoshe walitaka kuona kama Mama atafika Montreal. Mwanamkasi akatuma sauti nyingine kusahihisha, lakini habari ya kusahihisha haina miguu kama ya kufiwa. Ile ya kwanza ilikuwa imeshafika Moa, kule mpakani.

Ndiyo maana Mjomba Kombo akatokea karibu na adhuhuri, nyuma ya bodaboda, vumbi la njia yote ya mpakani limemkaa kwenye nyusi, analia kiume. Alikuwa amepitia dukani mjini, na kwapani ana sanda. Akaingia chini ya turubai akimtafuta wa kumpa mkono, akakutana uso kwa uso na dada yake anatafuna wali. Kiti kilikuwa karibu, namshukuru Mungu. Tulimpa maji akanywa jagi zima. Mama akanyoosha mkono, akaichukua sanda, akaipapasa baina ya vidole, akaishika kwenye mwanga.

"Kombo, hii ndiyo uliyoona inanifaa?"

Mjomba akainuka kwa hasira akaipeleka msikitini, akasema huko wako wafu wenye shukrani.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie kwa kirefu. Mama mdogo Mboni alikuja.

Wewe ulikuwa umeshapita lango la uwanja wa ndege na hukuyaona yaliyofuata siku ile ya kukuaga, ila ulisimuliwa. Mama mdogo alisema mbele ya watu kwamba Mama anamtupa mtoto mahali pasipofikika hata kwa msiba. Mama akamjibu kwamba asikanyage tena kwake. Tangu hapo, mwaka wa sita huu, mtu na mdogo wake, mmoja Makorora na mmoja Ushongo, hakuna salaam. Idd zimepita, harusi zimepita, Mama hataki hata samaki wa kutoka Pangani.

Habari ilimkuta Ushongo akiwa jikoni. Aliacha kila kitu, akapata gari la wageni wa hotelini lililokuwa linarudi, akavuka mto kwa pantoni, akashika la Tanga. Ilikuwa yapata saa tisa, kwa hesabu ya Wilfred tumeshaingia Atlantiki, tuliposikia kilio kinakuja kutoka njia panda. Tukaijua sauti. Hakuna aliyekwenda kumzuia, sijui kwa nini, nadhani kila mmoja alitaka kusikia.

Alikuja akiomboleza kwa maneno, kama walivyokuwa wakiomboleza wazee. Dada yake aliyemsuka nywele mama yao alipowatoka. Dada yake aliyemficha nyuma ya kanga baba aliposhika bakora. Dada yake aliyemwachia kipande kikubwa cha samaki akasema hana njaa. Nilimwona Mama ameshika fundo la mkanda, hatikisiki. Na Mama mdogo anakaribia, anasema unaondoka sijakuomba radhi, dada, mdomo wangu huu, mdomo wangu huu. Akainama kuingia chini ya turubai, akainua uso.

Sufuria ikasikika inachemka kule jikoni.

"Endelea," Mama akasema. "Ulifika kwenye mdomo."

Usicheke, Asmahani. Au cheka, sisi tulishindwa kujizuia, na ndilo lililoharibu. Mama mdogo akafuta machozi kwa kiganja, akaifunga upya kanga yake, akasema ameacha chungu motoni, amevuka mto amesimama, kumbe kaitwa kuja kuchekwa. Akageuka. Akafika mwisho wa viti, akapita kiti cha Wilfred, yuko barabarani. Nilitaka kumfuata, Zuleha akanishika shati. Mama mkono wake ulikuwa kwenye fundo. Angelifungua, angesimama, na saa zote zile alizokaa zingekuwa bure. Hakulifungua. Lakini sauti iliyomtoka haikuwa ile ya kutania.

"Mboni. Kiti cha dirishani hakina mtu."

Mama mdogo akasimama ametupa mgongo. Alisimama hivyo mpaka nikaanza kuona haya kwa kumtazama. Kisha akarudi, akakaa, akauliza dirisha lenyewe liko wapi. Mama akamwonyesha ukuta wa nyumba ya Wilfred.

Mimi nilikuwa nyuma yao, na ndivyo nilivyosikia. Wakaanza kwa watu wengine, nani kafa Pangani, nani kaoa, mbuzi wa fulani kala mche wa fulani. Kisha Mama mdogo akamuuliza kwa nini haendi kukuona. Mama akamwambia magoti. Mama mdogo akasema magoti hayo yamekaa hapo tangu alfajiri na hayajalalamika.

Mama akalishika tena fundo la mkanda. Kisha akasema jambo ambalo mimi, niliyelala naye nyumba moja miaka yote hii, sikuwahi kulisikia. Alisema, "Nikifia kule, Mboni, watanizika watu wasionijua. Nani atakuja?"

Miaka yote tumekuwa tukibishana na kuku na presha.

Mama mdogo aliwatazama watu waliokuwa chini ya turubai, wengine wanasinzia, Mjomba Kombo amejilaza kwenye viti viwili akiwa bado na vumbi lake. Akasema, "Dada, msiba wako si huu umeuona? Kombo kaleta sanda. Wanawake wa mtaa wamelia kabla hawajajua kuna nini. Mimi nimekuja. Mimi, dada. Limebaki lipi usilolijua? Nenda kamwone mtoto wa mtoto wako."

Mama akavuta ncha ya kanga akaipeleka machoni, akakaa nayo hapo. Baadaye akauliza kama ndege hii ina chai.

Jua likazama, tukaswali, Mama akiswali kitini kama alivyoswali adhuhuri na alasiri, abiria wakarudi vitini mwao. Wengi hawakuwa na sababu yoyote ya kurudi, wakarudi. Saa moja na nusu Wilfred akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatangaza kwamba tumetua salama, nje kuna baridi, tusisahau mizigo yetu. Watu wakapiga makofi. Mama akafungua fundo mwenyewe, akainuka mara moja bila kushika kitu, akajinyoosha. Aliyeshindwa kuinuka ni Mama mdogo, mguu umeshikwa ganzi, na Mama akamshika kwapani akampeleka mpaka ndani akimwambia amepandia Atlantiki tu na tayari anachechemea.

Asubuhi yake nilikuwa nakusanya viti. Mama akatoka na mswaki mdomoni akaniambia nikakate tiketi. Hivyo tu, akarudi ndani.

Tiketi imekatwa. Anatua kwenu tarehe tano Julai, saa nane na nusu za mchana, kwa jua la kwenu. Nendeni mapema, maana akishuka asiwaone atawatafuta kwa sauti. Mama mdogo atamsindikiza mpaka Dar. Anasema anataka aione hiyo ndege kwa macho, kama ni mbovu amrudishe.

Maana Mama mdogo hajarudi Ushongo mpaka leo. Wanamtengenezea Yasini mkeka wa ukili, ule msuko wa majani ya mkindu, wa kukalia, na hapo ndipo pana shida mpya. Mama anasema mtoto wa umri ule ana urefu huu, Mama mdogo anasema ana urefu huu, na mikono yao haijawahi kukubaliana. Leo adhuhuri maneno yakapanda, yakatajwa mpaka ya utotoni kwao. Tangu hapo hawasemezani. Wamekaa ukumbini kwenye jamvi moja, mmoja anasuka, mwingine anashona, na mwenye sindano akiishiwa ukili ananyoosha mkono bila kutazama, na mwenzake anamwekea kiganjani bila kutazama. Tafadhali mpime mtoto, kichwa mpaka kisigino, uniandikie upesi.

Zuleha anakusalimu sana, anauliza kama huko miwa ipo. Wilfred na Bertha wanakusalimu, na rubani anaomba umtumie picha ya hali ya hewa. Mwanamkasi anakuomba radhi kwa yaliyokufikia, amejitoa kwenye kundi la simu kwa hiari yake, ingawa tunajua atarudi. Mjomba Kombo anakusalimu pia. Yeye bado hajamsamehe Mama kwa kuwa hai.

Mungu awalinde ninyi watatu, amfikishe Mama kwenu salama, na atukutanishe sote kwenye turubai la furaha. Mpokee vizuri. Akikwambia nimetia chumvi, mkubalie, kisha muulize kuhusu Uturuki.

Wako akupendaye, kaka yako,

Uweso